Rafadha isiyofaa huiponza injini nzuri ya boti

WANUNUZI wengi wa boti za kasi huuliza maswali chungu nzima kuhusu injini. Hutaka kujua ina nguvu za farasi ngapi, inakunywa petroli kiasi gani na imetengenezwa na kampuni ipi. Ni wachache mno wanaokumbuka kuuliza kuhusu kile kipande cha chuma kinachozunguka chini ya maji, ambacho ndicho hasa kinachoisukuma boti.

Kipande hicho ni rafadha, au propela kama wanavyoiita mabaharia na mafundi wengi. Hata injini iwe na nguvu kiasi gani, haiwezi kuisogeza boti iwapo rafadha haiyashiki maji sawasawa. Wahenga hawakukosea waliposema kwamba chombo hakiendi ila kwa nyenzo.

Hasara ya kuchagua rafadha isiyofaa si kupungua kwa mwendo pekee. Injini ya bei ghali huweza kuharibika kabla ya wakati wake, petroli huteketea bure, na boti iendayo kasi huweza kumshinda nahodha na kuhatarisha maisha ya waliomo. Boti inayovusha abiria kati ya Mokowe na kisiwa cha Lamu, ile inayowapeleka watalii kuvua katika kina kirefu nje ya Watamu, na ile ya mashindano huko Ulaya au Marekani, zote zinatawaliwa na kanuni zile zile.

Kanuni hizo si ngumu kuelewa. Anayezifahamu hawezi kuuziwa mbuzi kwenye gunia dukani.

Mkulima na kipande cha mbao

Rafadha ilianza kutumika kwa dhati katika karne ya 19. Mwaka 1836, Francis Pettit Smith, mkulima wa Uingereza, na John Ericsson, mhandisi mzaliwa wa Sweden, kila mmoja alipata hataza ya rafadha aliyoibuni.

Rafadha ya kwanza ya Smith ilikuwa ya mbao na ilifanana na parafujo ndefu. Alipokuwa akiijaribu mwaka 1837 katika mfereji mjini London, sehemu yake ilivunjika. Badala ya mashua kupunguza mwendo, ilizidi kwenda mbio. Ajali hiyo ilimfunza Smith jambo ambalo mafundi wanalizingatia hadi leo: kwamba umbo la rafadha lina uzito sawa na nguvu inayoizungusha, na kwamba kubwa si lazima iwe bora.

Mnamo 1845 jeshi la wanamaji la Uingereza liliifunga meli yake Rattler, iliyoendeshwa kwa rafadha, na meli nyingine, Alecto, iliyotumia magurudumu ya kupiga maji ubavuni. Meli hizo zilivutana tezi kwa tezi. Rattler iliishinda mwenzake na kuikokota kinyumenyume. Tangu hapo, enzi ya magurudumu ilianza kufifia.

Namba mbili za kwanza

Anayeishika rafadha mkononi aghalabu hukuta namba mbili zimechorwa kwenye kitovu chake, kwa mfano 14½ x 19. Namba hizo huhesabiwa kwa inchi.

Namba ya kwanza ni kipenyo, yaani upana wa duara linalochorwa na ncha za mapanga ya rafadha yanapozunguka. Rafadha yenye kipenyo kikubwa huyashika maji mengi kwa pamoja, na kwa hivyo huzifaa boti nzito ziendazo polepole. Boti nyepesi za kasi hutumia kipenyo kidogo zaidi, kwa sababu panga kubwa huongeza msuguano na kuivuta boti nyuma.

Namba ya pili ndiyo inayozua mijadala mingi. Mafundi huiita pichi. Huu ni umbali ambao rafadha ingesonga mbele kwa kuzunguka mara moja, lau ingekuwa inapita katika kitu kigumu, jinsi parafujo inavyopenya ubaoni. Rafadha yenye pichi ya inchi 19 ingesonga inchi 19 kwa kila mzunguko.

Pichi inafanya kazi inayofanana na ya gia katika gari. Pichi ndogo ni kama gia ya kwanza: boti huondoka kwa nguvu na kubeba mzigo, lakini mwendo wake wa mwisho ni mdogo. Pichi kubwa ni kama gia ya tano. Huleta mbio, mradi injini iwe na uwezo wa kuizungusha.

Hapo ndipo wengi hukosea. Hudhani kuwa kadiri pichi inavyozidi ndivyo boti itakavyokwenda kasi. Dereva wa matatu iliyosheheni abiria hawezi kupanda mlima kutoka Mai Mahiu hadi Limuru kwa gia ya tano. Akijaribu, injini italalama, gari litatetemeka na hatimaye litazimika. Boti iliyofungwa rafadha yenye pichi kubwa kupita kiasi hutaabika vivyo hivyo, isipokuwa kwamba haizimiki. Huendelea kwenda huku injini ikiumia kimyakimya.

Injini ndiyo mwamuzi

Kila injini ya boti ina kiwango cha mizunguko kwa dakika ambacho mtengenezaji amekiweka kwa mwendo wa mwisho, yaani pale nahodha anaposukuma wenzo wa mafuta hadi mwisho. Injini nyingi za siku hizi zinazofungwa nyuma ya boti huwa na kiwango kama vile mizunguko 5,000 hadi 6,000. Kiwango halisi huandikwa katika kitabu cha maelezo ya injini.

Rafadha inayofaa ni ile inayoiruhusu injini kufika katika kiwango hicho boti ikiwa na mzigo wake wa kawaida. Kwa boti za kasi, mafundi wengi hupendelea injini ifike karibu na upeo wa juu wa kiwango hicho.

Injini ikishindwa kufika huko, maana yake ni kwamba pichi ni kubwa mno. Injini hubeba mzigo mzito ikiwa katika mizunguko midogo. Joto ndani ya silinda hupanda, petroli huweza kulipuka bila mpangilio, na pistoni na beringi huchakaa. Wapo wamiliki ambao hulaumu mafuta, fundi au mtengenezaji injini inapokufa, ilhali kisa na maana ni rafadha waliyoinunua wenyewe wakitafuta mbio.

Kinyume chake pia kina madhara. Pichi ikiwa ndogo mno, injini huvuka kiwango chake kwa urahisi. Injini za kisasa huwa na kifaa cha kuzuia mizunguko isizidi, na nahodha huhisi injini ikikatakata moto. Injini za zamani zisizo na kifaa hicho huweza kujivunja zenyewe.

Kuna kanuni moja inayorahisisha hesabu. Kila inchi moja ya pichi inayoongezwa hupunguza mizunguko ya injini kwa takriban 150 hadi 200 kwa dakika, na kila inchi inayopunguzwa huiongeza kwa kiasi hicho hicho.

Tuchukue mfano wa boti iliyofungwa rafadha ya pichi 23. Nahodha anasukuma wenzo hadi mwisho na mita inaonyesha mizunguko 5,000 pekee, ilhali angetaka ifike 5,700. Pengo ni mizunguko 700. Akipunguza pichi kwa inchi nne, hadi 19, injini inatarajiwa kufika karibu na pale anapopataka. Mara nyingi boti hiyo itaondoka kwa wepesi zaidi, na si ajabu ikapata mbio zaidi hata kwenye mwendo wa mwisho, kwa kuwa sasa injini inatoa nguvu zake zote.

Maji huteleza

Maji si ubao. Rafadha inapoyasukuma, nayo hukimbilia nyuma, kwa hivyo boti husonga umbali mdogo kuliko ule unaoonyeshwa na pichi. Tofauti hiyo huitwa mtelezo.

Mtelezo huweza kupigiwa hesabu. Ile boti ya pichi 19 inapofika mizunguko 5,700, rafadha yenyewe haizunguki mara 5,700, kwa sababu kuna gia katikati. Iwapo uwiano wa gia ni 1.85, rafadha huzunguka takriban mara 3,081 kwa dakika. Ukizidisha kwa inchi 19 na kubadili kuwa kilomita, utapata kilomita 89 kwa saa. Huo ndio mwendo ambao boti ingekuwa nao lau maji yasingeteleza.

Sasa nahodha anatazama chombo cha GPS na kuona kilomita 79 kwa saa. Zimepotea kilomita 10, ambazo ni takriban asilimia 11. Kwa boti nyingi za kasi, mtelezo wa asilimia 10 hadi 15 ni wa kawaida, na zile zilizotengenezwa kwa ustadi mkubwa hushuka chini ya 10.

Mtelezo wa asilimia 25 au zaidi katika mwendo wa mwisho ni ishara kwamba kuna tatizo. Huenda rafadha imepinda, injini imefungwa juu mno, mzigo umezidi au aina ya rafadha haiwiani na boti. Na hesabu ikionyesha kwamba boti inakwenda kasi kuliko pichi inavyoruhusu, usishangilie. Yamkini mita ya mizunguko inadanganya, uwiano wa gia uliotumiwa si sahihi, au kuna mkondo wa maji unaosukuma boti.

Mapanga mangapi?

Rafadha nyingi za boti ndogo huwa na mapanga matatu au manne. Kila panga linalozunguka hupita katika maji yaliyovurugwa na lile lililotangulia. Kwa ajili hiyo, mapanga machache huwa na msuguano mdogo, na rafadha ya mapanga matatu aghalabu ndiyo inayotoa mbio nyingi zaidi katika boti nyepesi.

Rafadha ya mapanga manne huyashika maji kwa uthabiti zaidi. Boti huinuka na kuteleza juu ya maji mapema, hukata kona bila kupoteza mshiko, na haishuki upesi nahodha anapopunguza mwendo katika mawimbi. Mtetemo wake pia ni mdogo. Kwa nahodha anayebeba abiria wakati pepo za kusi zimechafua bahari, faida hizo huenda zikawa na thamani kuliko kilomita mbili au tatu zitakazopungua kwenye mwendo wa mwisho.

Anayehama kutoka mapanga matatu hadi manne anapaswa kukumbuka kwamba panga la ziada ni mzigo wa ziada kwa injini. Mafundi wengi hushauri pichi ipunguzwe kwa inchi moja hivi.

Zipo pia rafadha zenye mapanga matano au sita. Nyingi hufungwa kwenye boti kubwa za kasi zenye injini za nguvu nyingi, ambako mapanga machache hayatoshi kuimeza nguvu hiyo.

Mwinamo na mkunjo

Namba mbili za kwenye kitovu hazisemi yote. Rafadha mbili zenye kipenyo na pichi sawa huweza kuifanya boti ile ile iwe na tabia mbili tofauti kabisa. Siri iko katika umbo la mapanga.

Ukiitazama rafadha kutoka ubavuni, utaona kuwa mapanga huinama kuelekea nyuma. Mwinamo huo huweza kuwa wa nyuzi sifuri katika rafadha za kazi nzito na kufika nyuzi 20 na zaidi katika zile za mbio. Mwinamo mkubwa aghalabu huinua omo ya boti. Omo ikiinuka, sehemu ndogo tu ya boti hubaki majini, msuguano hupungua na mwendo huongezeka.

Jambo la pili ni mkunjo mdogo kwenye ukingo wa nyuma wa panga, kama mdomo wa kijiko. Mkunjo huo huyazuia maji yasiponyoke upesi. Rafadha yenye mkunjo mzuri huendelea kuyashika maji hata injini inapoinuliwa karibu na uso wa bahari. Hata hivyo, mkunjo pia huongeza mzigo kwa injini, kana kwamba pichi imeongezwa.

Aina ya boti ndiyo inayoamua umbo lipi linafaa. Boti yenye tumbo la umbo la V kali, kama nyingi zinazokabili mawimbi ya baharini, huwa na omo nzito, na hufaidika kwa rafadha inayoinua omo. Boti yenye matumbo mawili na njia ya hewa katikati huinuliwa na hewa yenyewe kadiri inavyokwenda kasi. Boti hiyo huhitaji rafadha inayoinua tezi ili omo isizidi kupanda. Nyingi za rafadha hizo zina mapanga ambayo ukingo wake wa nyuma umekatwa ukanyooka mithili ya shoka.

Kuchanganya mambo haya ni hatari. Boti ya matumbo mawili iliyofungwa rafadha inayoinua omo kupindukia huweza kunyanyuliwa na upepo na kubingirika kinyumenyume. Boti ambayo omo yake imekandamizwa nayo huweza kuchimba katika wimbi na kuzunguka ghafla, ikiwarusha waliomo. Baadhi ya boti za V hufika mahali pa kuyumba kulia na kushoto zikiwa katika mwendo mkali, zikisimama kwenye ubavu mmoja kisha mwingine. Nahodha asiyepunguza mwendo mapema huweza kupinduka. Rafadha inayoshikilia vyema tezi husaidia, lakini haiwezi kuchukua nafasi ya busara.

Alumini au chuma?

Rafadha nyingi zinazouzwa pamoja na injini ndogo ni za alumini. Ni nyepesi, bei yake ni nafuu na ni rahisi kuzirekebisha. Zikigonga mwamba au tumbawe, huvunjika au kupinda kwa urahisi. Hilo lina upande wake wa heri, kwa kuwa afadhali kununua rafadha nyingine kuliko gia.

Rafadha za chuma kisichoshika kutu ni ghali mara kadhaa zaidi. Chuma hicho kina nguvu nyingi kuliko alumini, kwa hivyo mapanga yake huweza kutengenezwa yakiwa membamba na makali bila ya kupinda yanaposukuma maji. Kwa boti yenye injini ya nguvu za farasi 150 au zaidi ambayo mwenyewe anatafuta mbio, hiyo ndiyo rafadha ifaayo.

Lakini chuma hakisamehe. Kikigonga jiwe, mshtuko husafiri hadi kwenye gia na shafti. Kwa sababu hiyo, rafadha nyingi huwa na kitovu cha mpira au plastiki ngumu kati ya chuma na shafti, ambacho huteleza au kuvunjika ili kuokoa gia. Kitovu hicho kikichakaa, injini hupiga kelele na mizunguko hupanda huku boti ikibaki mahali pale pale. Wengi hudhani gia zimekwisha, kumbe ni mpira tu.

Nahodha anayepita kila siku katika maji ya kina kifupi yenye miamba, ambako maji kupwa hubadilisha njia, ana sababu nzuri ya kubaki na alumini. Anayekimbia katika kina kirefu atafaidika kwa chuma. Wote wawili wanashauriwa kubeba rafadha ya akiba, pamoja na spana ya kuifungulia.

Povu lililomtatiza Parsons

Kuna matatizo mawili ambayo huchanganywa mara kwa mara. La kwanza ni rafadha kuvuta hewa. Boti inapokata kona kali au injini inapokuwa imefungwa juu mno, hewa au moshi wa injini hufika kwenye mapanga. Rafadha hukosa mshiko, injini hunguruma na mwendo hupotea. Dawa yake ni kupunguza mafuta kidogo, kuishusha injini, au kutumia rafadha yenye mkunjo na mapanga mengi zaidi.

La pili ni maji yenyewe kugeuka mvuke. Panga linapozunguka kwa kasi mno, shinikizo upande wake wa mbele hushuka kiasi kwamba maji huchemka hata yakiwa baridi. Viputo vya mvuke huo vinapopasuka hupiga chuma kama nyundo ndogo na kukitoboa vijitundu. Panga lenye ukingo uliobonyea au kuchanika huzidisha hali hiyo.

Mhandisi wa Uingereza, Charles Parsons, alikumbana na tatizo hili mwaka 1894 alipoizindua meli yake Turbinia. Injini yake mpya ya mvuke ilikuwa na nguvu tele, lakini rafadha moja ilizunguka kwa kasi iliyoishia kutengeneza povu, na meli haikuweza kufika hata kilomita 37 kwa saa. Parsons alibadilisha mpango, akaweka shafti tatu, kila moja ikiwa na rafadha tatu. Mwaka 1897, mbele ya manowari zilizokusanyika Spithead kwa sherehe za Malkia Victoria, Turbinia ilizipita zote kwa mwendo wa takriban kilomita 63 kwa saa.

Watengenezaji wa boti za mashindano walipata suluhisho jingine: kuiacha nusu ya rafadha nje ya maji. Rafadha za aina hiyo hukata uso wa maji, na hewa hujaza nafasi ambayo mvuke ungeijaza. Mwaka 1950, boti ya Marekani Slo-mo-shun IV ilitumia mbinu hiyo katika Ziwa Washington na kuweka rekodi ya takriban kilomita 258 kwa saa. Mwaka 1962, Miss U.S. I ilivuka kilomita 320 kwa saa. Rafadha hizo hazifai boti ya kawaida, kwani hazina nguvu katika mwendo mdogo na huwa na shida kurudi nyuma.

Mombasa si Naivasha

Jambo moja lisilozungumzwa sana nchini ni mwinuko kutoka usawa wa bahari. Injini huhitaji hewa ili kuchoma petroli, na hewa huwa nyepesi kadiri mtu anavyopanda. Kwa makadirio, injini isiyo na kifaa cha kusukumiwa hewa hupoteza takriban asilimia tatu ya nguvu zake kwa kila mita 300 za mwinuko.

Ziwa Victoria liko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari. Injini iliyokuwa na nguvu za farasi 200 mjini Mombasa huwa imepoteza kama asilimia 11 ifikapo Kisumu. Katika Ziwa Naivasha, lililo karibu mita 1,880, hasara hukaribia asilimia 19.

Rafadha iliyoifaa boti hiyo pwani huwa nzito mno huko bara. Injini haitafika kiwango chake, na mwenye boti ataanza kumshuku fundi. Mara nyingi tiba ni kupunguza pichi tu. Anayeishusha boti kutoka bara hadi pwani anapaswa kufanya kinyume.

Jinsi ya kuijaribu

Hakuna hesabu inayoweza kuchukua nafasi ya majaribio majini. Kabla ya kuanza, sehemu ya chini ya boti isafishwe, kwani chaza na mwani hupunguza mwendo kuliko tofauti ya inchi mbili za pichi. Boti ibebe mafuta, vifaa na watu kama inavyobeba siku za kawaida.

Nahodha achague mahali palipo wazi, mbali na waogeleaji na mitumbwi ya wavuvi. Asukume wenzo hadi mwisho, aipandishe injini taratibu hadi mwendo ukome kuongezeka, kisha aandike mizunguko na mwendo. Arudie akielekea upande wa pili ili kuondoa athari ya mkondo na upepo. Aandike pia muda ambao boti inachukua kutoka kusimama hadi kuteleza juu ya maji, na jinsi inavyojibu katika kona.

Kisha abadilishe kitu kimoja tu, na arudie. Akibadilisha rafadha na kimo cha injini kwa pamoja, hatajua kipi kilichosaidia. Injini inapopandishwa juu zaidi, ni lazima mita ya shinikizo la maji itazamwe, kwa sababu matundu ya kuvuta maji ya kupoza injini yakitoka nje, injini itaungua kwa dakika chache. Madaftari ya majaribio haya ni hazina, na mali bila daftari huisha bila habari.

Kwa boti yenye injini mbili, rafadha zinapaswa kuwa za pichi moja na kuzunguka kwa pande zinazokinzana, ili moja isawazishe mvuto wa nyingine na usukani usiwe mzito upande mmoja.

Utunzaji na uhai

Panga lililopinda hata kidogo huleta mtetemo, na mtetemo huharibu mpira unaozuia mafuta ya gia kutoka. Mshipi wa kuvulia samaki unaojisokota nyuma ya rafadha hukata mpira huo huo. Mafuta ya gia yakigeuka rangi na kufanana na maziwa, maji yameingia. Ni vyema rafadha ifunguliwe mara kwa mara, shafti isafishwe na kupakwa grisi, kisha nati ifungwe sawasawa na pini yake irudishwe.

Kuinyoosha rafadha kwa nyundo chini ya mwembe si urekebishaji. Mapanga yote yanapaswa kuwa na pichi moja, na hilo huhitaji vipimo maalumu.

Hatimaye kuna suala la uhai. Rafadha ya mapanga matatu inayozunguka mara 3,081 kwa dakika hupitisha panga mahali pamoja zaidi ya mara 150 kwa sekunde moja. Mtu aliyeanguka majini hana muda wa kujinusuru. Kamba ya kuzimia injini imeundwa kwa ajili hiyo, na nahodha anapaswa kujifunga nayo kila mara boti inapokwenda, hata safari iwe fupi. Abiria wanapopanda au kushuka kupitia nyuma, au waogeleaji wanapokaribia, injini izimwe kabisa. Kuitoa kwenye gia hakutoshi, kwa kuwa mkono ukigusa wenzo kimakosa rafadha huzunguka papo hapo.

Mwenye boti anayetaka mbio ana haki ya kuzitafuta. Lakini kabla hajatia mfukoni mkono wa kununua injini kubwa zaidi, na achuchumae nyuma ya boti yake, asome namba zilizo kwenye kitovu, atazame ukingo wa kila panga, kisha aende majini akiwa na daftari na kalamu. Huenda akagundua kwamba nguvu alizokuwa akizitafuta anazo tayari, ila nyenzo ya kuzifikisha majini ndiyo iliyokuwa na kasoro.